Galoni 67 kwa Tani: Kilichoizamisha KiOR ya Mississippi

Aliyewahi kukaa upande unakoelekea moshi wa tanuri la mkaa anajua kwamba mti ukiunguzwa bila hewa ya kutosha hautoi moshi mkavu. Hutoa moshi mzito, mweupe, wenye uchungu wa siki, unaonata kwenye nguo na kuacha utando wa kahawia juu ya majani. Mchoma mkaa anauacha uende zake, kwa kuwa anachokitaka yeye kiko chini ya udongo.

Kampuni ya Marekani iitwayo KiOR ilitaka kinyume chake. Yenyewe iliutaka moshi, na mkaa ndio uliokuwa hasara. Ilikusudia kuudaka moshi huo ndani ya sekunde chache, kuukutanisha na unga wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, kisha kuutoa upande wa pili ukiwa petroli na dizeli ya kumiminwa kwenye gari lolote bila kubadili hata mrija mmoja. Ilijenga kiwanda kizima kwa ajili hiyo mjini Columbus, Mississippi, kwa zaidi ya dola milioni 200. Kiwanda kilianza kutoa mafuta mwishoni mwa 2012. Januari 2014 kilisimamishwa, na tarehe 9 Novemba mwaka huohuo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika.

Habari hii husimuliwa zaidi kama habari ya fedha: mwekezaji tajiri, mkopo wa serikali, wanahisa waliounguzwa, kesi mahakamani. Yote hayo yalitokea na nitayagusa. Lakini mzizi wake ni wa kikemia, na unaweza kuufuatilia kwa kalamu na karatasi. Kilichoizamisha KiOR ni namba moja: galoni ngapi za mafuta zinatoka kwenye tani moja ya mbao kavu.

Wazo lenyewe

KiOR ilianzishwa mwaka 2007 kwa ubia. Upande mmoja alikuwapo Vinod Khosla, mmoja wa waasisi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, ambaye wakati huo alikuwa akiweka fedha nyingi kwenye nishati mbadala. Upande wa pili ilikuwapo BIOeCON, kampuni ndogo ya Uholanzi ya Paul O'Connor, mtaalamu aliyebobea katika vichocheo vya viwanda vya kusafisha mafuta.

Asili hiyo ya O'Connor inaeleza mengi. Katika viwanda vya kusafisha mafuta kuna mtambo mmoja ambao tangu Mei 1942, wa kwanza ulipowashwa Baton Rouge, Louisiana, umekuwa moyo wa utengenezaji wa petroli duniani. Ndani yake mafuta mazito hukutana na kichocheo cha unga laini sana. Unga huo ukipulizwa gesi kutoka chini huinuka na kutiririka kama maji. Unapanda kwenye bomba pamoja na mafuta, unayakata vipande vidogo kwa sekunde chache, halafu unatoka umevikwa tabaka jeusi la kaboni. Hupelekwa kwenye chumba cha pili, tabaka lile likaunguzwa kwa hewa, na unga ukarudi ukiwa safi na wenye moto wa kuendesha mzunguko unaofuata. Taka ya mtambo ndiyo kuni zake. Kwa kweli ni moja ya mashine nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa na wahandisi wa kemia, na naelewa kwa nini mtu aliyeishi nayo angetaka kuijaribu kwa mbao.

Basi wakasema: tuondoe mafuta ghafi, tuingize msonobari uliokaushwa na kusagwa. Joto la takriban nyuzi 500, sekunde chache, kichocheo kikizunguka. Kinachotoka ni mafuta ghafi ya mti, ambayo hupitishwa kwenye hatua ya pili ya kuongezwa hidrojeni kwa shinikizo kubwa, kisha kuchujwa kuwa petroli, dizeli na mafuta mazito. Huko Pasadena, Texas, walijenga kwanza mtambo mdogo wa majaribio, na baadaye mtambo wa maonyesho wa tani 10 kwa siku.

Kusini mwa Marekani kuna misonobari kama sisi tulivyo na mikorosho Mtwara. Mwaka 2010, chini ya Gavana Haley Barbour, jimbo la Mississippi lilikubali kuikopesha KiOR dola milioni 75 bila riba. Kampuni nayo iliahidi uwekezaji wa dola milioni 500 na ajira zipatazo 1,000. Juni 2011 iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, dola 15 kwa hisa, ikakusanya dola milioni 150. Hapakuwa na mafuta yoyote yaliyouzwa bado.

Kilichouzwa ni makadirio. Katika nyaraka zake za kuuza hisa kampuni ilisema mchakato wake unatoa galoni 67 kwa tani ya mbao kavu, na kwamba kiwanda kikubwa cha baadaye, cha tani 1,500 kwa siku, kingeweza kutengeneza mafuta kwa chini ya dola 1.80 kwa galoni bila ruzuku. Kwenye vituo vya mafuta vya Marekani mwaka 2013 petroli iliuzwa karibu dola 3.50. Ukizisoma namba hizo mbili pamoja unaona kwa nini watu walitoa fedha.

Mti si mafuta ghafi

Hapa nitakaa kidogo.

Mafuta ghafi ni kaboni na hidrojeni, na karibu hayana kingine. Mti una kaboni na hidrojeni pia, lakini una oksijeni nyingi mno: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa mbao kavu ni oksijeni. Tuuandike mti kwa hesabu ya vijiwe. Kwa kila atomi 100 za kaboni, mbao ina takriban atomi 140 za hidrojeni na 60 za oksijeni. Dizeli, kwa kila kaboni 100, ina hidrojeni kama 200 na oksijeni sifuri. Kazi yote ya kichocheo, ukiitoa maneno ya mapambo, ni kuzifukuza zile oksijeni 60. Swali ni zinaondoka na nani.

Njia ya kwanza ni kuondoka na hidrojeni, yaani kama maji. Kila oksijeni hubeba hidrojeni mbili. Oksijeni 60 zitabeba hidrojeni 120, na kati ya zile 140 zitabaki 20. Sasa una kaboni 100 na hidrojeni 20. Kitu hicho tunakijua, ni mkaa. Ndicho anachokipata mchoma mkaa wa Handeni bila kichocheo chochote.

Njia ya pili ni kuondoka na kaboni, yaani kama kaboni dayoksaidi. Kila kaboni moja hubeba oksijeni mbili. Oksijeni 60 zitabeba kaboni 30. Zinabaki kaboni 70 na hidrojeni zote 140, mbili kwa kila kaboni, ambayo ni dizeli hasa. Umepoteza asilimia 30 ya kaboni, lakini iliyobaki yote ni mafuta.

Hiyo njia ya pili ndiyo ndoto. Kichocheo cha kweli hakichagui hivyo. Oksijeni nyingine hutoka kama maji, nyingine kama kaboni monoksaidi, ambayo hubeba oksijeni moja tu kwa kila kaboni na kwa hiyo ni ghali mara mbili, na nyingine kama kaboni dayoksaidi. Kila molekuli ya maji inayotoka inaiacha kaboni nyuma ikiwa maskini wa hidrojeni, na kaboni maskini hujikunja, hushikana na kuwa tabaka jeusi juu ya kichocheo. Katika kiwanda cha mafuta ya petroli tabaka hilo ni asilimia chache tu za malighafi, linatosha kuupa mtambo joto. Kwa mbao linakuwa sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Unapoliunguza unapata joto zaidi ya unalohitaji, na fedha zako zinatoka kwenye bomba la moshi.

Ongeza umbo la kichocheo chenyewe. Aina iliyochunguzwa zaidi kwa kazi hii ni zeolaiti iitwayo ZSM-5, jiwe la kutengenezwa lenye vijitundu vya upana wa nusu nanomita na ushei, vilivyojaa asidi. Molekuli ya benzini hupita humo kwa kubana. Lakini lignini, gundi inayoushikilia mti usimame, hukatika vipande vikubwa visivyoweza kuingia. Hubaki mlangoni, huungua, huziba. Na mti una majivu. Msonobari ni mti mzuri kwa hilo, majivu yake hayafiki asilimia moja. Hata hivyo chukua nusu ya asilimia kwenye tani 500 za kila siku: ni tani mbili na nusu za majivu yanayopita katikati ya kichocheo kila siku ya Mungu. Potasiamu na kalsiamu iliyomo humo huituliza asidi ambayo ndiyo uhai wa kichocheo. Unga wa zamani unamwagwa, mpya unanunuliwa.

Sasa tuirudie namba ya kampuni. Tani ya Kimarekani ni kilo 907, na karibu nusu yake, tuseme kilo 450, ni kaboni. Galoni moja ya petroli au dizeli ina kaboni ipatayo kilo 2.6. Galoni 67 ni kilo 174. Kwa hiyo KiOR ilikuwa inasema kwamba karibu asilimia 39 ya kaboni ya mti inaishia kwenye mafuta safi. Kinadharia hilo liko chini ya ile asilimia 70 ya njia ya pili, na hidrojeni iliyoongezwa katika hatua ya mwisho ingeweza kuokoa kidogo. Halikuwa jambo la kuvunja sheria za maumbile. Lakini yeyote aliyekuwa akisoma matokeo ya maabara ya miaka ile kuhusu mbao na ZSM-5 alikuwa anaona, mara nyingi, chini ya asilimia 30 ya kaboni ikigeuka hidrokaboni, tena kwenye vyombo vya mezani vinavyolishwa kwa uangalifu wa mfamasia.

Ningekuwa mwekezaji mwaka 2011, swali langu lingekuwa moja: hizi galoni 67 zimepimwa kwenye mtambo upi, kwa saa ngapi mfululizo, na kaboni nyingine iko wapi?

Columbus

Kiwanda cha Columbus kilibuniwa kumeza tani 500 kwa siku. Siku 330 za kazi kwa mwaka, galoni 67 kwa tani, unapata galoni milioni 11. Kutoka tani 10 za Texas hadi tani 500 ni kuruka mara hamsini kwa hatua moja.

Shehena ya kwanza ya dizeli iliondoka Machi 2013. Kulikuwa na furaha ya haki siku hiyo, maana dizeli ile ilikuwa ya kweli, na mafundi walioiendesha walistahili pongezi. Halafu mwaka ukaendelea. Mwanzoni kampuni ilikuwa imewatabiria wanahisa galoni milioni 3 hadi 5 kwa 2013. Makadirio yakashushwa hadi milioni 1 hadi 2. Mwaka ulipofungwa, jumla haikufika milioni moja.

Kampuni yenyewe ilitaja sababu. Kulikuwa na vikwazo vya muundo na hitilafu vilivyozuia mbao kuingia mtamboni kwa kiasi kilichokusudiwa, na kichocheo na mchakato havikutoa mavuno yaliyotarajiwa. Nadhani wengi wanaposoma hapo wanaipita ile sababu ya kwanza haraka, wakaiona ni ya kiufundi mno. Mimi naiona nzito sana. Mafuta ghafi husukumwa kwa pampu. Mbao haisukumwi. Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga atakwambia jinsi vumbi la mbao linavyojijengea daraja ndani ya pipa la kulishia, likaning'inia kama dari huku chini kukiwa patupu, mpaka mtu apande na kuligonga. Unyevu ukizidi linanata, ukipungua linawaka. Kulilisha kwenye chombo chenye joto la nyuzi 500, bila hewa kupenya, usiku na mchana, ni kazi ngumu kuliko inavyosomeka.

Na hizo sababu mbili hazijumlishwi, zinazidishana. Ukiingiza robo ya mbao na kila tani ikakupa nusu ya mafuta, umebaki na moja ya nane. Zaidi ya hapo, mtambo unaozimika kila baada ya siku chache haukufundishi kichocheo chako kina kasoro gani. Kichocheo kinahitaji majuma mengi ya mwendo usiokatika ndipo ujue kinachakaa kwa kasi ipi, majivu yanakaa wapi, ni joto gani linapunguza maji na kuongeza kaboni dayoksaidi. Columbus palijengwa kiwanda cha kuuza mafuta mahali ambapo palihitajika bado mtambo wa kujifunzia, wa tani 50 hivi, wenye ruhusa ya kukosea kwa miaka mitatu. Huu ni mtazamo wangu, na ninausimamia.

Hesabu ya fedha ilifuata kemia. Tuseme, kwa mfano tu, tani ya mbao kavu inafika getini kwa dola 70. Ikitoa galoni 67, mbao pekee inagharimu dola 1.04 kwa galoni. Ikitoa galoni 30, dola 2.33, kabla hujalipa umeme, kichocheo, hidrojeni, mishahara na deni. Hasara ya KiOR kwa mwaka 2013 ilikuwa dola milioni 347 na ushei, sehemu kubwa ikiwa ni kukiri kwamba thamani ya mitambo yake imeporomoka. Machi 2014 iliwaambia wanahisa kwamba kuna shaka kubwa kama itaweza kuendelea. Katikati ya mwaka ilishindwa kulipa rejesho la mkopo wa Mississippi. Ilipofika mahakamani Novemba, orodha yake ilionyesha madeni ya dola milioni 261 na mali za dola milioni 58.

Namba inapofika mahakamani

O'Connor alikuwa ameondoka kwenye kampuni tangu 2011, na baadaye ikajulikana kwamba kabla ya kuondoka aliandika kuonya juu ya mavuno. Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Mississippi, Jim Hood, aliwashtaki waliohusika akidai jimbo lilipotoshwa ili litoe mkopo. Septemba 2016 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ikafungua kesi yake. Kiini cha madai yake kilikuwa zile galoni 67: kwamba sehemu ya namba hiyo haikuwa imepatikana mtamboni, ilitokana na kudhania maboresho ambayo yalikuwa hayajakamilika.

Sitaki kuhukumu nia ya mtu yeyote. Naangalia namna namba inavyozaliwa katika kampuni changa. Maabara inapata, tuseme, galoni kadhaa. Mtu anasema tukiirudisha gesi tutapata galoni sita zaidi. Mwingine anasema kwenye yale maji machafu kuna mafuta tunayoweza kuyakamua, ongeza tatu. Kila nyongeza ina mantiki yake na kila aliyeitoa anaiamini. Ziweke kwenye jedwali moja, ondoa neno "tukifanikiwa" lililokuwa pembeni ya kila mstari, na una namba ambayo hakuna mtambo uliowahi kuifikia. Msomaji wa waraka wa hisa hawezi kuona lile neno lililoondolewa. Mkemia wa ndani anaweza, na ndiye anayepaswa kulishikilia lisiondolewe.

KiOR ilitoka kwenye ufilisi ikiwa kampuni ndogo ya utafiti yenye jina jipya, Inaeris Technologies. Kiwanda cha Columbus hakikuwashwa tena.

Waliochukua njia fupi

Kushindwa kwa Columbus hakukuua wazo la kuudaka moshi wa mti. Mwaka 2015, mwaka uleule wa kesi ya Mississippi, kiwanda cha Empyro kilianza kazi Hengelo, Uholanzi, kwa teknolojia ya kampuni ya BTG. Kilikuwa kidogo, tani tano za mbao kwa saa, na hakikujaribu kuondoa oksijeni hata kidogo. Hakuna kichocheo ndani, ni mchanga wa moto tu. Kimiminika kinachotoka ni cheusi, chenye asidi na harufu kali, hakifai kwenye gari. Kiliuzwa kwa kiwanda cha maziwa cha FrieslandCampina huko Borculo, kikachomwa kwenye boila badala ya gesi.

Kisha wakaja Waswidi. Mwaka 2021, kando ya kiwanda cha mbao cha Kastet mjini Gävle, kampuni ya Pyrocell ilianza kugeuza vumbi la mbao kuwa kimiminika kilekile kwa teknolojia hiyohiyo ya BTG. Kimiminika hicho kilipelekwa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Preem huko Lysekil, kikachanganywa na mafuta mengi ya petroli na kupitishwa kwenye mtambo wa kichocheo cha unga, ile mashine ya 1942 ambayo KiOR ilitaka kuijenga upya. Mafuta ya petroli yana hidrojeni ya ziada. Mti unaikopa. Mtambo ulikwisha kulipiwa na watu wengine miaka mingi iliyopita.

Niliposoma habari za Lysekil mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye vichuguu vya vumbi la mbao vinavyofuka moshi pembezoni mwa Mafinga, taka za misonobari ya Sao Hill. Lakini njia ya Waswidi inahitaji kiwanda cha kusafisha mafuta jirani, na pwani yetu haina. TIPER ya Kigamboni iliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki maghala. Kile cha Mombasa kilisimama 2013. Njia ya Hengelo nayo inahitaji mteja mwenye boila inayokunywa gesi au dizeli ya bei kubwa. Viwanda vya chai vya Mufindi vinakausha majani kwa kuni tayari, na kuugeuza mti kuwa kimiminika ili ukaushe nacho chai ambayo kuni ingeikausha ni kutupa zaidi ya theluthi ya nishati njiani bila sababu. Kwa vumbi lile la Mafinga, leo hii, ningeanza na tanuri zuri la kulichoma kavu chini ya boila, na maabara moja ya chuo kikuu yenye mtambo wa kilo chache kwa saa, ikipima kaboni inayoingia na kaboni inayotoka.